Boti ya rimoti na maji ya chumvi: niliyojifunza Raskazone

Shafti ndo iliyonifundisha kwanza. Jumapili asubuhi nimeiweka boti baharini pale Raskazone, Tanga, kwa mara ya kwanza, imeenda imerudi, watoto wamepiga kelele mpaka basi, mi nikaifuta kwa fulana nikaiweka juu ya kabati nikalala roho kwatu. Jumatatu jioni natoka kazini nashika propela niizungushe kwa kidole, haitaki. Imeganda. Shafti ya hizi boti siyo fimbo, ni waya wa chuma uliosukwa, kama ule wa spidi mita ya pikipiki, unapita ndani ya bomba jembamba la shaba kutoka kwenye mota mpaka nyuma, sasa nilipouvuta kwa koleo ukatoka umejaa unga mwekundu wa kutu, na ni siku moja na nusu tu. Grisi niliyopaka ilishaoshwa yote.

Kijitabu kilichokuja na boti nilikisoma mwanzo mpaka mwisho mara mbili na hakuna mahali kimetaja chumvi. Waliokiandika wanachezea kwenye maziwa na mabwawa ya maji baridi. Sisi huku Tanga bwawa letu ni bahari, ndo maana nimekaa kuandika haya, kwa mtu yeyote wa pwani anayetaka kuunga boti ya rimoti na kuikimbiza, manake kuna vitu nimevilipia kwa hela na kwa kidole changu ambavyo wewe huna sababu ya kuvilipia tena.

Boti yenyewe ni ya plaiwudi ya mili 3, urefu sentimita 70, tumbo lake la V. Inakuja kwenye boksi vipande vipande vimeshakatwa, mkuku (uti wa chini), mataruma (mbavu zake), ubao wa tezi (tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele), ngozi za pembeni, kazi yako ni kuunga na gundi ya epoksi, kupiga msasa, kuziba, kupaka rangi, afu ndo uingie kwenye mota na waya. Mi ni fundi simu Ngamiani kwa hiyo upande wa waya haukunitisha. Mbao ndo sikuwa nazijua kabisa. Betri aliniletea shemeji yangu anayefanya kazi Muscat, alikuja nayo kwenye begi la mkononi, za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege zikiwa peke yake, na kwa abiria kipimo ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa ya shirika, yangu ya volti 11.1 na ampea-saa 5 ni 55.5 tu, akapita bila shida.

Sasa kwenye mbao nikamwendea babu mmoja jirani yetu Sahare, ameunda mashua na kukalafati majahazi tangu kijana, sa hivi macho yamechoka ila mikono bado. Nilimpelekea gamba likiwa halijapakwa rangi. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, nipe nikione hicho kidude. Hakuuliza kitu. Akafumba macho akapitisha kiganja chini ya tumbo la boti, kutoka omo kwenda tezi, taratibu, akafika karibu na mwisho akasimama. Akarudisha. Akasimama palepale. Akaniambia hapa pana bonde. Mi naangalia sioni bonde lolote, nikachukua rula ya chuma nikailaza juu yake nikaielekeza kwenye taa, kweli, mwanga unapita chini ya rula, nafasi ya unene wa karatasi mbili hivi.

Hilo bonde dogo ni kubwa sana kwa boti ya spidi. Boti ikishaanza kukimbia haielei tena kwa kusukuma maji pembeni, inapanda juu inateleza, na kipande kinachogusa maji ni kile cha nyuma tu, sentimita 20 za mwisho au pungufu. Kama hapo pamebonyea kwenda juu na ncha ya nyuma imeshuka, maji yanainua tezi na pua inalazimishwa chini, boti inakuwa nzito, inalima. Ikiwa kinyume chake, nyuma pameinuka kama kitako cha mtumbwi, pua inapanda inashuka inapanda inashuka bila kuacha. Kwa hiyo pale panatakiwa pawe panyoofu kama kioo. Nilijaza epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao laini, nikapiga msasa uliofungwa kwenye kipande cha ubao mnyoofu, siyo mkononi, mkono unafuata bonde, ubao haufuati.

Tulipobishana na babu ni kwenye ukingo wa tezi. Yeye akataka niuviringe, niutoe kona, kwa sababu maisha yake yote mashua nzuri ni ile ambayo maji yanaiacha kwa upole huku nyuma, ukiona yanachafuka nyuma ya mashua ujue fundi kakosea. Na mi nimesoma kwamba boti ya spidi ukingo wa nyuma uwe mkali kama kisu, maji yakatike ghafla yasipate nafasi ya kung'ang'ania kupanda kwenye ubao wa tezi. Nilikaa na hilo jambo wiki nzima, manake sikutaka kumvunjia heshima na pia sikutaka kuharibu boti. Mwisho nikamwomba twende wote Deep Sea tukaangalie boti za faiba za injini zinavyotoka. Tulisimama pale hata hatukuongea sana. Boti moja ikafungua injini ikapanda juu, babu akaangalia pale maji yanapokatikia, akasema hii siyo mashua bwana, hii ni ubao unaoruka, mashua inaomba maji yapite, hii haiombi. Basi makali yakabaki. Kwa kweli tangu siku ile nikielezea watu tofauti ya aina mbili za boti natumia maneno yake, sijapata mengine yaliyo bora.

Pale Sahare wazee wengine waliuliza nani yuko ndani anaiendesha. Swali la heshima kabisa hilo, kwa sababu hata mwaka 1898 New York, Nikola Tesla alipoonyesha boti ndogo inayoongozwa kwa mawimbi ya redio, waliokuwa wanaangalia walidhani ni uchawi. Rimoti zetu za sasa ziko kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4 na hayo mawimbi yakikutana na maji yanafia hapohapo, kwa hiyo waya wa antena lazima usimame juu ya usawa wa maji. Wangu nimeupitisha kwenye mrija wa soda uliosimama, na resiva yenyewe, kile kidude kinachopokea mawimbi, naitia ndani ya puto nafunga mdomo kwa raba, ni mbinu ya zamani na inafanya kazi vizuri sana.

Tuje kwenye kuelea sawa. Siku ile ya kwanza boti ilidunda kama pomboo. Inaruka inazama pua inaruka tena, na ukiongeza mafuta ndo inazidi (tunasema mafuta japo ni umeme, mazoea ya bodaboda). Tumbo nilikuwa nimelinyoosha, sasa shida nini? Shida ilikuwa betri, ndo kitu kizito kuliko vyote na niliiweka nyuma sana. Kipimo wanachotumia watu wa boti hizi ni kwamba uzito ulingane kwenye theluthi ya nyuma hivi, asilimia 30 ya urefu ukipima kutoka tezi, yangu ya sentimita 70 ni sentimita 21. Unaweka alama mbili, unainyanyua kwa vidole viwili kwenye alama, isimame bila kulala mbele wala nyuma. Yangu ilisimama kwenye 17. Nikasogeza betri mbele, nikapima, nikasogeza. Sentimita moja ya betri unaiona kabisa majini, siyo nadharia.

Na kuna kulala upande. Propela ikizunguka upande mmoja kwa nguvu, mwili wa boti unataka kugeuka upande wa pili, kwa hiyo ukifungua mafuta yote bega moja linazama. Dawa ni vibapa vidogo vya nyuma unavyovirekebisha kwa skrubu, na kama haitoshi ongeza uzito kidogo upande ulioinuka. Mi nilitumia risasi za mishipi, zile za wavuvi, nikazibandika ndani kwa epoksi.

Mwani ulinila hela nyingi zaidi. Hizi mota za kasi na kile kiboksi kinachogawa umeme kwenda kwenye mota vinapozwa kwa maji ya bahari yenyewe, kuna kitundu nyuma karibu na usukani, boti ikikimbia maji yanasukumwa humo, yanapita kwenye kimrija cha silikoni yanazunguka kiboksi na mota, yanatokea ubavuni. Ukiwa ufukweni unayaona yanarushwa pembeni, watoto wanasema inakojoa, na sisi wote tumelichukua hilo neno. Sasa kipindi cha kusi, upepo wa kutoka kusini, mawimbi yanang'oa majani mengi yanakuja ufukweni, jani moja jembamba likaingia kwenye kitundu. Boti ikaacha kukojoa. Tulikuwa tunashindana kuzunguka maboya, mi macho yangu yote yako kwenye boya la kona, sikuliangalia hilo, raundi mbili baadae moshi. Kiboksi kimeungua, plastiki imeyeyuka mpaka kwenye waya. Nilipokifungua mezani kazini niliona vile visehemu vidogo vya kubeba umeme vimepasuka vitatu, nikajaribu kubadilisha, havikupona.

Toka hapo nimeweka kichujio, kipande cha neti ya mbu ya chuma nimekikunja kwenye kitundu, na mpwa wangu wa darasa la 6 kazi yake moja tu kwenye kila mbio, kuangalia mkojo. Ukikatika anapiga kelele "maji!" nami naachia mafuta palepale bila kuuliza. Ana jicho kuliko mimi.

Propela sasa, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Iliyokuja na boti ilikuwa namba 440. Hiyo namba ina maana: 40 ni upana kwa milimita, na ile 4 ya mbele inasema mwendo wake ni mara 1.4 ya upana, yani ikizunguka mara moja, kama maji yangekuwa mbao na propela ni skrubu, ingeenda mbele milimita 56. Mota yangu inazunguka mara 2,000 kwa dakika kwa kila volti moja, zidisha kwa 11.1 unapata 22,200. Zidisha kwa milimita 56, inakuja kilometa 74 kwa saa. Nilivyopiga hiyo hesabu nilifurahi sana. Nikafunga simu ndani ya mfuko wa plastiki nikaiweka kwenye boti na programu ya GPS, ikasoma 46.

Hizo 28 zimeenda wapi? Nyingine zinapotea kawaida, maji yanateleza kwenye propela. Lakini nyingine ni kwamba mota ilikuwa imezidiwa, propela kubwa mno kwake, volti ya betri inashuka, kila kitu kinachemka, boti inalala upande. Nikaagiza namba 436, milimita 36, kwenye karatasi hiyo haifiki hata 68. Majini ikasoma 52. Propela ndogo, spidi kubwa, na mota nilipoishika baada ya dakika nne ilikuwa vuguvugu tu, siyo moto wa kukuunguza kama mwanzo. Ningependa ningeambiwa hilo mapema kabla sijaanza kuwaza kununua mota kubwa zaidi.

Halafu hazitoki kiwandani zikiwa sawa. Chukua wembe mbili mpya, zisimamishe sambamba juu ya bilauri mbili zilizolingana, makali juu, pitisha sindano nene kwenye tundu la propela iwe imebana, ilaze juu ya zile wembe. Itazunguka yenyewe polepole. Inayumba, inarudi, inasimama, na bawa litakalobaki chini ndo zito. Unaliweka alama kwa kalamu, unalisugua mgongoni kwa msasa namba 400, unairudisha juu ya wembe. Mi ilinichukua jioni mbili barazani, na mara ya mwisho nilipoilaza ikakaa pale nilipoiweka, nikaigeuza robo, ikakaa, nikaigeuza tena, ikakaa. Nilimwita mke wangu aje aone. Tahadhari moja kubwa: nyingi za chuma ni shaba iliyochanganywa na berili, na vumbi lake ni sumu ya mapafu, kwa hiyo isugue ikiwa imelowa maji, vaa barakoa, futa kwa kitambaa kibichi, usipulize kwa mdomo.

Na ikishanolewa ni kisu. Mpwa wangu alishika rimoti akabonyeza bila kujua kwamba betri imeungwa, kidole changu kilikuwa karibu, nilishonwa nyuzi nne. Kosa langu, siyo la mtoto. Sheria ya nyumbani sasa: rimoti inawashwa kwanza inazimwa mwisho, betri inaungwa boti ikiwa kwenye kitako chake pale ufukweni, mkono hauendi nyuma. Na kukiwa na mtu anaogelea, hata mmoja, hata mbali, boti haiingii majini. Kilo mbili zinazokuja kwa kilometa 50 na kisu nyuma siyo mchezo wa kuweka karibu na watoto.

Betri zenyewe zina adabu yake. Kila chumba kikijaa ni volti 4.2, chini ya 3 kinaanza kufa, na ukikaa bila kuitumia iache kwenye 3.8. Mi nahesabu muda, kwa mota inayokula ampea 60 hivi, ampea-saa 5 zinaisha dakika tano, kwa hiyo naweka kengele ya simu dakika nne, ikilia nageuza kurudi hata kama naongoza. Nilipuuza mara moja, betri ikavimba kama andazi, nikaitoa nje nikaiweka ndani ya ndoo ya mchanga.

Bahari yetu yenyewe ni somo. Kwa boti ya sentimita 70 kiwimbi cha sentimita 5 ni sawa na wimbi la nusu mita kwa boti ya mita 7, kwa hiyo unatafuta maji yaliyolala. Asubuhi mapema, saa 12 mpaka saa 3, na hasa maleleji, kipindi ambacho kusi imechoka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijashika, hapo bahari inakuwa kama mafuta. Na angalia maji, maji kujaa na kupwa huku yanapishana zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Mi nilikimbiza maji yakiwa yanatoka, boti ikapinduka kwenye kona, ikigeuka tumbo juu antena iko chini ya maji, rimoti ni plastiki tu mkononi. Tulisimama tunaiona inaondoka upande wa Ulenge. Kijana mmoja wa ngalawa aliyekuwa anarudi kuvua akaikuta, akaipandisha juu ya samaki wake akatuletea, hakutaka hela, alitaka kushika rimoti. Iliendelea kuelea kwa sababu ndani omo nilijaza vipande vya ndala kuukuu, kama wavuvi wanavyofunga kwenye nyavu. Siku hizi tunakimbiza maji yakijaa, ikizima inasukumwa kuja kwetu, na tunachagua maji mafu, yale yasiyopishana sana, kuliko bamvua.

Tuko wanne sasa wenye boti. Maboya ni madumu ya lita 5 tumeyapaka rangi ya chungwa na kuyafunga mawe, mita 60 kati yake, raundi nne. Hatuanzi kwa kusimama, boti zinazunguka kwanza, saa inahesabu kwa sauti kutoka 30, unatakiwa uvuke mstari sifuri ikitajwa, ukiwahi unaongezewa raundi. Hapo ndo mbio nyingi zinaishia, kwa mwenye haraka.

Maleleji ya mwaka jana nilikuwa wa pili. Aliyenishinda ana mota ndogo kuliko yangu ila kona zake zote alizikata karibu na boya bila kupunguza, mi nilikuwa natanuka mita tatu kila kona kwa kuogopa kupinduka tena. Babu alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mkungu. Akaniambia boti haina shida mjukuu wangu, unaishika kama ya kuazima.

Nilirudi nyumbani nikaleta ndoo ya maji ya bomba na sirinji kubwa. Nikasukuma maji kwenye kitundu cha kupozea mpaka yakatoka ubavuni yasiyo na ladha ya chumvi, naonja kweli kwa ulimi. Nikalegeza skrubu, nikavuta shafti, nikaifuta kwa kitambaa kikavu mwanzo mpaka mwisho, haina kutu, nikaipaka grisi nzito ya boti, nikairudisha taratibu huku naizungusha. Propela inazunguka kwa kidole.